Uliza Mkalimani: "Charge" Kwenye Karatasi ya Kiwanja Si Ada ya Ofisi

Barua tano za mwezi huu, kutoka kwa watu wasiojuana, zinauliza neno lilelile la Kiingereza: "charge". Mmoja amelikuta ofisi ya ardhi, mwingine kwenye karatasi ya hospitali, mwingine kwenye kesi ya mwanawe, mwingine darasani, na wa mwisho ndani ya chama. Nilikuwa mkalimani wa korti mpaka nilipostaafu, na hili ni neno nililolitafsiri kila asubuhi ya kazi. Nimezipanga barua kwa uharaka wake, sikufuata tarehe zilivyofika, maana mwandishi wa kwanza ana pesa mkononi na dalali yuko mlangoni.

SWALI: Shikamoo Bi Mkalimani. Nimepata kiwanja Mtwapa, robo ekari, bei yake nafuu kuliko vyote vya jirani. Nimefanya search, yaani kuangaliziwa rejista ya kiwanja ofisi ya ardhi, kama unavyotuhimiza, na jina la mwenyewe limerudi sawasawa na kitambulisho chake. Lakini sehemu C kumeandikwa "Charge", halafu jina la benki na shilingi 2,400,000. Dalali anasema hizo ni charge za ofisi tu, muuzaji atazimaliza akishapata deposit yangu. Anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nilipe? — Mnunuzi, Mtwapa

JIBU: Marahaba mwanangu. Usilipe. Pesa zako zikae palepale zilipo.

Dalali amelishika neno kwa maana inayojulikana na kila mtu. Ukituma pesa kwa simu kuna charge, ukilala hotelini kuna charge, ukikaa fleti kuna service charge ya mlinzi na taka. Maana hiyo ni ya kweli, ila si yake hapo. Rejista ya ardhi imegawanywa sehemu tatu. A inaeleza ardhi yenyewe, ukubwa wake na ramani yake. B inamtaja mwenyewe. C huandikwa kila kinachomfunga mwenyewe asiwe huru kabisa na mali yake. Ada ya ofisi haiandikwi sehemu C hata siku moja. Ada hulipwa, ukapewa risiti, ikaisha. Ukiona "charge" pale, na pembeni yake benki na kiasi cha pesa, hiyo ni rehani. Mtu huyo amekopa, na kiwanja unachokitaka ndicho alichokiweka dhamana.

Wanunuzi wengi hunaswa hapa, na ndiyo sababu nalisema kwa urefu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, charge ni dhamana tu, haihamishi umiliki. Kwa hiyo muuzaji hakudanganyi akisema kiwanja ni chake. Jina lililo sehemu B ni lake kweli, na jirani watakuapia kwamba ni chake. Ila benki nayo ina haki juu ya kiwanja hichohicho, na haki hiyo haikai kwa mtu, inakaa kwenye ardhi. Muuzaji akihamia Nairobi na deposit yako, haki ya benki itabaki Mtwapa.

Nikueleze inavyokwenda deni likikwama. Mkopaji akishindwa kulipa na mwezi mmoja ukapita, benki humpa notisi inayomtaka alipe ndani ya muda usiopungua miezi mitatu. Asipolipa, hufuata notisi nyingine ya siku 40 ya kusudio la kuuza. Halafu dalali wa mnada naye hutoa notisi yake ya siku 45. Hesabu miezi hiyo. Ni muda wa kutosha kabisa wa mtu kukuuzia, wewe ukachimba msingi, ukasimamisha kuta, na notisi zote hizo zikawa zinapelekwa kwa muuzaji. Kwako hakuna itakayofika, kwa sababu benki haikujui.

Na kile kiasi, shilingi 2,400,000, usikichukue kuwa ndilo deni la leo. Hicho ndicho kiasi kilichoandikishwa siku ya rehani. Deni lenyewe laweza kuwa limepungua kwa sababu amelipa, au limepanda kwa riba na faini. Atakayekwambia kwa uhakika ni benki, kwa barua, na benki haitakupa barua hiyo bila idhini ya mteja wake. Mwambie muuzaji aandike idhini. Muuzaji mwenye nia safi haoni tabu kuiandika.

Je, kiwanja hicho hakinunuliki? Kinanunulika. Watu hununua ardhi yenye charge kila wiki, na wanalala usingizi. Tofauti ni njia ya pesa. Wakili wako huandikiana na benki pamoja na wakili wa muuzaji: benki itaje deni, ikubali kwa maandishi kulipwa kutokana na bei ya kiwanja, na iahidi kutoa hati iitwayo "discharge of charge", yaani hati ya kuifuta rehani. Sehemu ya bei inayolingana na deni huenda benki moja kwa moja, bila kupitia mkono wa muuzaji, sembuse wa dalali. Hati hiyo ya kufuta huandikishwa kwa msajili, sehemu C ikasafishwa, kisha umiliki ukahamishwa kwako. Mkishamaliza, fanya search nyingine. Karatasi hiyo ya pili ndiyo utakayoiweka kabatini.

Neno lenyewe limetoka mbali. Warumi walikuwa na gari la kukokotwa wakiliita "carrus". Kutokana na gari hilo likaja neno la kupakia mzigo, Wafaransa wa kale wakalichukua, na Waingereza wakalipata kwao. "Cargo", shehena yetu ya bandarini, ni ndugu yake wa damu. Basi ukilikuta neno hili mahali popote, jiulize: nani amepakiwa nini? Kiwanja chako kimepakiwa deni la mtu mwingine. Barua zote zilizobaki nitazijibu kwa ufunguo huohuo.

Na hiyo Ijumaa ya dalali isikusumbue. Dalali anayekupa siku ya mwisho huku akikufasiria vibaya sehemu C, mwache aende na Ijumaa yake.

SWALI: Bi Mkalimani, baba alifanyiwa operesheni ya ngiri. Karatasi aliyotoka nayo hospitali imeandikwa "no discharge", na mstari unaofuata "discharged". Kaka anasema daktari mmoja alikataa asitoke na mwingine akamtoa, kwa hiyo tumrudishe. Pia kuna "TCA 2/52". Sisi twadhani ni namba ya wodi na kitanda. — Binti wa Mzee, Likoni

JIBU: Dada yangu, mwacheni mzee apumzike nyumbani. Mistari yote miwili inaafikiana.

"Discharge" ni kupakua, kinyume cha kupakia. Kwenye mstari wa kwanza daktari anazungumzia kidonda. Kinachotoka kidondani, iwe usaha, maji au damu iliyochanganyika na maji, Kiingereza cha hospitali hukiita "discharge". Bila shaka juu yake kumeandikwa pia "wound" au "incision", na labda "clean and dry". Maana yake mshono ni safi, mkavu, hautoi kitu. Hiyo ni habari njema, ndiyo iliyomfanya mzee aruhusiwe. Mstari wa pili unamzungumzia mzee mwenyewe: ameruhusiwa kwenda nyumbani. Tazama pia umbo la neno. La kwanza limekaa kama jina la kitu, baada ya "no". La pili lina "-ed", ni jambo lililofanyika kwa mtu.

"TCA 2/52" ni maandishi ya mkato ya wauguzi. Herufi tatu zinasema arudi tena. Namba ya chini ni kipimo: mwaka una wiki 52, kwa hiyo 2/52 ni wiki mbili. Wakiandika 2/7 ni siku mbili, kwa kuwa wiki ina siku saba, na 2/12 ni miezi miwili. Hesabuni wiki mbili tangu siku aliyotoka na mmpeleke siku hiyo. Lakini kidonda kikianza kutoa ile "discharge" ambayo haikuwapo, au kikavimba, kikawa chekundu na cha moto, au mzee akapata homa, msingoje wiki mbili zitimie. Mpelekeni siku hiyohiyo.

Jambo moja la kuongezea kwa akina dada. Kliniki ya wanawake, muuguzi akikuuliza kama una "discharge", anauliza majimaji ya ukeni: rangi, harufu, kuwasha. Ni swali la kawaida la kitabibu na lina faida kulijibu wazi. Nimewahi kuambiwa na wasichana kwamba hujibu hapana ilimradi wapite, kwa sababu neno hawakulielewa na kuuliza waliona haya. Muulizeni muuguzi aseme kwa Kiswahili. Anakijua.

SWALI: Salaam aleikum Bi. Mwanangu wa miaka 19 ni utingo wa matatu. Abiria alisahau simu, yeye akaiokota chini ya kiti. Siku mbili baadaye, Jumamosi usiku, akakamatwa nayo. Kituoni mtu mmoja akaniambia charge ya kumtoa ni elfu tano. Nilitoa, sikupewa risiti, na mtoto hakutoka. Jumatatu akapelekwa kortini. Charge sheet ina "Stealing", na chini yake "Alternative charge: handling stolen goods". Ameshtakiwa makosa mawili? Akaulizwa na hakimu, akajibu "ni kweli", kwa maana simu kweli alikuwa nayo. Tumeambiwa turudi wiki ijayo kusomewa facts. Sijui cha kufanya. — Mama Mwenye Dhiki, Kwale

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Barua yako nimeisoma nikaisoma tena. Nitaanza na lile la mwisho, maana ndilo la haraka.

"Ni kweli" ndilo jibu lililonitia hofu kuliko yote siku zangu za kazi. Mshtakiwa husimama kizimbani, husomewa shtaka kwa Kiingereza, mkalimani hulitia Kiswahili, kisha huulizwa: ni kweli au si kweli? Kijana hujibu lile analolijua. Simu alikuwa nayo? Ni kweli. Aliishika? Ni kweli. Kumbe hakuulizwa kama alikuwa na simu. Ameulizwa kama aliiba. Kwenye kitabu cha hakimu, "ni kweli" yake yaweza kuandikwa kuwa amekiri kosa.

Lakini sheria imeweka vizuizi, na mojawapo ni hukumu ambayo kila mkalimani wa Kenya na Tanzania anapaswa kuijua kwa moyo: kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1973, katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Majaji walisema shtaka na kila kiungo cha kosa kifafanuliwe kwa mshtakiwa kwa lugha yake au lugha anayoielewa. Maneno yake mwenyewe ya kukiri yaandikwe. Kisha mwendesha mashtaka aeleze jinsi kosa lilivyotendeka, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza maelezo. Akiyapinga, au akisema jambo linaloonyesha kwamba hakukiri kwa kuelewa, iandikwe kuwa amekana na kesi isikilizwe.

Hizo "facts" mlizoambiwa za wiki ijayo ndizo hayo maelezo ya mwendesha mashtaka. Basi mlango haujafungwa. Mwanao akisomewa, asiseme "ni kweli" tena kwa jumla. Aseme kwa sauti: "Mheshimiwa, simu niliiokota garini, abiria aliisahau. Sikuiiba." Maneno hayo machache yanatosha kumfanya hakimu asimame na kuuliza zaidi. Na mshtakiwa aweza kuomba kubadilisha jibu lake maadamu adhabu haijatolewa. Tena sheria yenyewe ya wizi inamtofautisha mwizi na aliyeokota: huangaliwa kama aliyeokota alimjua mwenyewe, au alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Hapo ndipo wakili atauliza mwanao alifanya nini siku zile mbili. Aliwaambia dereva na mwenye gari? Simu ilipopigwa, alipokea? Mkae mzungumze hayo leo, kwa ukweli mtupu.

Sasa neno lako. "Charge" ya kortini ni shtaka. Tukirudi kwenye mzigo, ni mtu kutwikwa kosa mbele ya sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na muda huo ukiishia siku isiyo ya korti, basi siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana Jumamosi yenu ikawa Jumatatu. Kifungu cha 50 kinampa haki ya kuelezwa shtaka kwa ukamilifu, na kupata mkalimani bila kulipa hata senti.

Kwenye karatasi yenu, tazama mpangilio. Juu kuna jina la kosa na vifungu: "Stealing", kifungu cha 268 kikisomwa pamoja na 275 cha Kanuni ya Adhabu. Chini yake kuna "particulars", yaani nani, lini, wapi, kitu gani, mali ya nani. Zisome hizo kwa makini kuliko jina la kosa. Kama zinasema aliiba ndani ya nyumba ya mtu, wakati simu iliokotwa garini, hilo ni jambo la kusemwa mbele ya hakimu.

Kuhusu "alternative charge", hapana, mwanao hashikiliwi kwa yote mawili kwa mpigo. Ni shtaka mbadala. Upande wa mashtaka unasema: tukishindwa kuthibitisha kwamba aliiba, basi tutathibitisha kwamba alipokea au kuhifadhi mali akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba imeibwa. Akipatikana na hatia ya moja, jingine huachwa. Ila msilidharau kwa sababu limekaa chini. Wizi wa kawaida kifungo chake hakizidi miaka 3. Kushika mali ya wizi kinaweza kufika miaka 14. Naliona watu wengi wanalipuuza lile la chini, kumbe ndilo zito.

Na ile elfu tano. Mama, hakuna charge ya kumtoa mtu kituoni. Bondi ya polisi haitozwi ada. Dhamana ya pesa taslimu ipo, lakini hiyo huandikiwa risiti na hurudishwa kesi ikiisha. Aliyekuomba bila risiti alitumia neno la shtaka kukuuzia kitu kisichouzwa. Andika tarehe, saa, na ulivyomtambua, kisha umpe wakili. Kama wakili wa kulipa hamumudu, uliza kortini kuhusu Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Uliza kwa karani wa korti kabla ya siku ya kesi, usingoje asubuhi yenyewe wakati kila mtu anakimbizana.

Mwisho, ukisikia siku moja kwamba mwanao amekuwa "discharged", furahi, lakini uliza kwa kifungu gani. Mashtaka yakiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha mwenendo wa kesi za jinai kabla hajaitwa kujitetea, ametuliwa mzigo kwa sasa tu. Aweza kushtakiwa upya kwa jambo lilelile. Neno linalofunga mlango huo ni "acquitted", yaani korti imemwondolea hatia. Ipo pia "absolute discharge", ambapo korti imemwona na hatia lakini ikaona hakuna haja ya kumwadhibu. Sikia neno lote hadi mwisho ndipo upige simu kwa jamaa.

SWALI: Shikamoo. Niko kidato cha tatu. Mwalimu wa fizikia anasema "charge" haiwezi kuundwa wala kuharibiwa. Sasa kama haiundwi, simu tunaichaji nini? — Mwanafunzi, Voi

JIBU: Marahaba. Swali lako ni zuri na mwalimu wako amesema kweli.

Zamani bunduki na mizinga ilijazwa kwa mkono. Mpiganaji wa gobori alimimina baruti mtutuni akaishindilia kwa mti, na mizinga kama ile iliyoko Fort Jesus ilijazwa vivyo hivyo. Kile kipimo cha baruti kilichoshindiliwa Waingereza walikiita "charge", mzigo wa bunduki. Miaka ya 1740 wataalamu wa Ulaya na Marekani walipoanza kukusanya umeme kwa kusugua vioo na kuuhifadhi ndani ya chupa iliyoitwa Leyden, waliona chupa hiyo inajazwa na kisha inafyatua cheche. Wakaazima neno la bunduki. Benjamin Franklin ndiye aliyetuletea alama za kujumlisha na kutoa, chanya na hasi, kwa aina hizo mbili.

Kwa hiyo una maana mbili chini ya neno moja, na mtihani unataka uzitenganishe. Ya kwanza ni sifa ya chembe: elektroni ina charge hasi, protoni chanya. Hiyo ndiyo isiyoundwa wala kuharibiwa. Ukisugua fimbo ya plastiki kwa kitambaa cha sufu hujaunda umeme, umehamisha elektroni kutoka kitambaani kwenda kwenye fimbo. Kimoja kimezidi, kingine kimepungukiwa, jumla ni ileile. Ya pili ni ile ya "chaji imeisha". Betri ya simu iliyojaa na iliyoisha zote mbili jumla yake ya charge ni sifuri. Ukiichomeka ukutani, umeme unazisukuma ayoni za lithiamu zihame kutoka upande mmoja wa betri hadi mwingine, na elektroni zipite njia ya nje. Ukitumia simu, zinarudi. Unachokiongeza ni nishati.

Betri iliyoandikwa 5000 mAh, hiyo namba ni kipimo cha charge kweli, ile ya fizikia, inayoweza kupita kwenye waya kutoka ijae hadi iishe. Igeuze kuwa koulombi, kizio cha charge: miliampea 5000 ni ampea 5, na saa moja ni sekunde 3,600. Zidisha 5 kwa 3,600, unapata 18,000. Mwonyeshe mwalimu wako hesabu hiyo.

SWALI: Bi Mkalimani, sisi ni chama cha akina mama cha merry-go-round na mikopo midogo. Katibu wetu mpya huandika kumbukumbu kwa Kiingereza. Mkutano uliopita aliandika "The treasurer was charged with collecting all outstanding loans". Mume wa mweka hazina akaisoma, akasema mkewe ameshtakiwa kwa kukusanya mikopo. Sasa mweka hazina hataki kuja, na daftari anazo yeye. Katibu naye anasema Kiingereza chake hakina kosa. — Wanachama, Kilifi

JIBU: Ndugu zangu, katibu hakukosea lugha, na mume hakumsingizia mtu. Sentensi ile inabeba njia zote mbili.

"Charged with" ikifuatwa na kosa, kama wizi au ulaghai, ni kushtakiwa. Ikifuatwa na kazi, kama kukusanya, kulinda au kusimamia, ni kukabidhiwa jukumu. Ni mzigo uleule, ila mmoja ni wa hatia na mwingine ni wa amana. Msomaji hana alama nyingine ya kumwongoza ila kitendo kinachofuata. "Collecting" ni kazi halali, kwa hiyo mweka hazina amepewa kazi ya kuaminiwa. Lakini katika chama chenye pesa, ambapo kila mtu tayari ana wasiwasi wa mikopo isiyorudi, macho hukimbilia kwenye shtaka. Simlaumu mume yule.

Katibu ajihadhari pia na "in charge". "Amina is in charge of the children" ina maana Amina ndiye msimamizi wa watoto. "Amina is in the charge of her aunt" inamweka Amina chini ya uangalizi wa shangazi. Kineno kimoja kidogo, "the", kinamgeuza mlezi kuwa mlelewa. Kumbukumbu zenu zikitaja nani anashika sanduku na nani anashika ufunguo, kineno hicho kinaweza kuwagombanisha tena.

Rai yangu ni hii. Hakuna sheria inayowataka wanachama wa Kilifi wanaosemezana Kiswahili mkutano mzima waandike daftari lao kwa Kiingereza. Wawili au watatu waende nyumbani kwa mweka hazina, wasiitane kwa simu, na mume awepo. Wamsomee sentensi ile na maana yake. Kisha katibu aifute kwa mstari mmoja, bila kuichana karatasi, aandike juu yake: "Mweka hazina alikabidhiwa kazi ya kukusanya mikopo yote ambayo haijalipwa, na ataleta taarifa mkutano ujao." Mwenyekiti atie sahihi pembeni ya marekebisho, na mweka hazina atie ya kwake.